Kifungo Chenye Uzi wa Mtu Mwingine

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni punguza moto kidogo. Kama una kazi mkononi, endelea nayo, lakini tega sikio. Leo tunamkumbuka Kengele. Kengele msusi. Kengele, sauti ya pili ya Mawifi Wawili. Ametutoka wiki hii baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Wengi mnamjua kwa wimbo mmoja, "Kifungo". Wachache mno wanajua wimbo ule ulitoka wapi. Tunasimulia kwa ruhusa ya binti yake. Ametuambia hivi: "Mama alisema, nikiwa hai nyamazeni. Nikishaondoka, semeni."

Basi tuseme.

Kengele alikuwa na saluni ndogo, viti viwili na sinki moja. Chumba cha pili kilikuwa cha wifi yake, fundi cherehani, mke wa kaka yake. Kati yao palikuwa na ukuta wa mbao tu. Kengele akisuka, anaimba. Fundi akishona, anaitikia. Wateja wakaanza kuja na nywele zilizosukwa jana, wanasema zimelegea, kumbe wanataka kusikiliza. Ndivyo Mawifi Wawili walivyozaliwa. Fundi aliimba sauti ya kwanza, Kengele ya pili.

Maneno ya nyimbo aliyatunga Kengele. Siku moja akapiga ukuta kwa chanuo. "Wifi, njoo usikie hii." Ilikuwa "Kifungo". Mke anafua shati la mumewe. Anaona kifungo kimoja kimeshonwa upya. Kimeshonwa vizuri, kimekazwa vizuri. Ila uzi ni mwekundu, na nyumbani kwake hakuna uzi mwekundu. *Kifungo ni chetu, uzi ni wa nani?*

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Wakaingia studio, wakarekodi, na wimbo ukapigwa kwa mara ya kwanza hapa hapa kwenye kituo hiki.

Wasikilizaji wapendwa, mliokuwepo mnakumbuka. Mji mzima uligeuka mkaguzi wa mashati. Wanawake walikuwa wanakagua vifungo mbele ya dirisha, kwenye mwanga. Wanaume walilalamika kwamba wimbo unavunja nyumba za watu. Wengine walikuja kwa fundi mmoja mmoja, sauti chini: "Mama, naomba unishonee hiki, lakini uzi ufanane. Ufanane kabisa." Fundi anashona, anamtazama usoni, anajisemea moyoni: wewe nawe!

Aliyeufurahia wimbo kuliko wote alikuwa mume wa Kengele. Huyu ndiye aliyefunga vipaza sauti kwenye maonyesho yao. Mtanashati, mcheshi, mume wa mfano, ndivyo watu walivyomwita. Wimbo ukianza, anatoka mbele, anashika vifungo vyake kimoja kimoja, anacheza. Ukumbi unalipuka.

Siku moja, wakiwa wanakunja nyaya, akamwambia fundi, "Shemeji, mke wangu hatungi mambo hewani. Kuna kitu alikiona."

"Alikiona wapi?"

"Mimi simo. Muulize kaka yake anatokaga saa ngapi nyumbani."

Akacheka, akaondoka na nyaya zake. Ila maneno yalibaki.

Kaka mtu, yaani mume wa fundi, alikuwa mwoka mikate. Anatoka alfajiri kwa sababu mikate haijioki yenyewe. Fundi alilijua hilo tangu siku ya ndoa. Lakini ukishaanza kushuku, hata unalolijua linakuwa geni. Akaanza kunusa mashati. Akaanza kuhesabu maneno ya mumewe, kwamba leo kasema machache, leo kasema mengi, yote mabaya. Siku moja mume akarudi msafi, hana unga hata kwenye nyusi.

"Unga uko wapi?" fundi akamvaa mlangoni.

"Unga gani?"

"Unga wako! Kila siku unarudi kama mzimu. Leo umeoga wapi?"

"Tanuri limeharibika, mke wangu. Tumekaa tu tunaangaliana."

Fundi hakuamini. Alikwenda mwenyewe kulitazama tanuri. Lilikuwa limeharibika kweli. Hata hapo moyo haukutulia.

Na kwa Kengele mambo yalikuwa vilevile. Kupitia ukuta wa mbao, nyimbo zilipungua. Fundi akimuuliza, "Wifi, hivi shati lile ni la nani?" Kengele anajibu, "Ni wimbo tu." Anajibu haraka. Haraka mno. Kwa fundi, hilo lilikuwa kama kukiri. Alimwona wifi yake akimficha kaka yake. Damu nzito, akasema moyoni. Jukwaani wanaimba bega kwa bega, wakishuka hawapeani hata maji.

Kisha siku ikafika. Fundi anafua. Shati la kazini la mumewe, jeupe. Kifungo cha tatu kutoka juu kimeshonwa kwa uzi mweusi. Yeye fundi cherehani, mwenye nyuzi za kila rangi, hakukishona yeye.

Alituambia mwenyewe: "Sikulia. Nilikaa chini sakafuni na lile shati, maji yananichuruzika mapajani. Nikasema, kumbe nimeimba habari zangu mbele ya watu, na watu wananipigia makofi."

Mume alipoulizwa alishangaa. "Si dada ndiye aliyenishonea? Kilikatika nikibeba spika siku ya onyesho. Muulize."

"Nitamuuliza. Na kama ni uongo, nguo zangu zimeshakunjwa." Na kweli zilikuwa zimekunjwa. Begi liko kitandani.

Fundi akaingia saluni kama mteja. Hakusalimia. Akaketi, akalaza kichwa nyuma kwenye sinki. "Nioshe." Kengele akafungua maji. Sasa, aliyelala kwenye sinki haoni uso wa anayemwosha. Anaona dari tu.

"Wifi, kifungo cha kaka yako kakishona nani?"

"Mimi. Uzi mweusi ndio uliokuwa kwenye mkoba wangu, ule wa kushonea nywele."

"Usinidanganye kwa ajili ya ndugu yako."

"Sikudanganyi."

"Basi wimbo ule ni wa nani? Uliona nini?"

Vidole vikasimama kichwani mwake. Maji yakaendelea kutiririka.

"Shati si la kwenu, wifi. Ni la kwangu. Ule uzi mwekundu niliukuta kwenye nguo za nyumbani kwangu."

Wasikilizaji wapendwa, yule aliyecheza mbele ya watu akishika vifungo vyake, shati lilikuwa lake. Narudia. Shati lilikuwa lake. Na ndiye aliyempandikizia fundi shaka juu ya mtu asiye na kosa.

Fundi alinyanyuka, sabuni inamwingia machoni. "Miezi yote hii! Umeniacha nimshuku mume wangu!"

"Sikujua kama unamshuku. Nilidhani umenigundua mimi, ndiyo maana umenikalia mbali. Nilikuwa naogopa utaniuliza."

"Na kwa nini uliutunga, kama hukutaka tujue?"

Kengele akajibu, na haya ni maneno yake kama fundi alivyoyashika: "Nilitaka niseme bila kuulizwa. Nikiona wote wanaimba, ninapumua."

Wakakaa sakafuni, wawili hao, povu kila mahali. Mteja aliyechungulia mlangoni aliambiwa saluni imefungwa.

Onyesho lililofuata, mume wa mfano akatoka mbele kama kawaida yake. Fundi akaimba ubeti wote akimtazama yeye tu. Hakumtaja, hakumnyooshea kidole. Alimtazama. Jamaa akashika kifungo cha kwanza, cha pili, mkono ukakwama. Akafunga koti. Akarudi nyuma kwenye mitambo yake. Baada ya hapo alihama nyumba ile, hakufukuzwa na mtu. Kengele akamlea binti yao, akaendelea kusuka na kuimba. Fundi naye alimwomba mumewe radhi. Mwoka mikate anasema alisamehe siku hiyo hiyo, "lakini mashati yangu nayafua mwenyewe mpaka leo."

Kengele alipozidiwa, fundi ndiye aliyemwosha nywele, kitandani, kwa beseni. Binti anasema waliimba kwa sauti ndogo, na pale mama alipokosa pumzi, fundi hakumfunika kwa sauti yake. Alimsubiri.

Tunatoa pole kwa binti, kwa kaka mtu, kwa fundi, na kwa wote waliowahi kuketi kwenye viti vile viwili. Mungu ampumzishe Kengele mahali pema.

Na wewe unayetusikiliza, fikiri kidogo. Yupo mtu unayemshuku kwamba anajua kitu na anakuficha. Labda ni kweli. Kabla hujamwuliza anajua nini kukuhusu, mwulize yeye mwenyewe anaumwa wapi.

Sasa tunaupiga wimbo. Tafadhali, mara hii usigeuke kumtazama uliyekaa naye. Sikiliza sauti ya pili.