Kaburi la Bi Ilonka Lisikose Mgeni

Zimeni hiyo televisheni, wanangu, mje karibu, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Tangu baba yenu Msabaha aliponitangulia nimechoka uchovu usioondoka kwa usingizi, na daktari amekwisha sema yake. Nyumba hii ya Stratford igawanywe kama dini inavyosema. Msigombane. Hayo ni mepesi. Zito ni la Bi Ilonka.

Nyinyi mlimjua kizee wa ghorofa ya juu, aliyewakemea mkikimbia kwenye ngazi. Mimi nilimjua akiwa mwigizaji. Alikuwa Myahudi wa Budapest, msichana wa jukwaani, vita vilipomkuta. Jamaa zake wote walichukuliwa, wakauawa. Yeye alifichwa na mshonaji katika ghala la mavazi la ukumbi ule ule, nyuma ya magauni, na kila jioni alimsikia mwingine akiyasema maneno yake jukwaani, watu wakipiga makofi. Alipotoka alikuwa ananong'ona tu. Ilibidi ajifunze upya kupaza sauti. Na alipohamia huku, filamu za hapa London, kwa lafudhi yake, zilimpa awe mke wa afisa wa Kijerumani, kila mara. Nilimwuliza anawezaje. Akacheka, akasema, "Suad, nani aliwatazama Wajerumani hao kwa karibu kuliko mimi? Tena wenye filamu wananivika makoti mazuri."

Kisha akafa Nasim, dada yenu ambaye hamkumwona. Tulikuwa wageni, hatuna ndugu, hapakuwa na wa kukaa matanga nasi. Majirani waliacha maua mlangoni. Bi Ilonka alikuwa na onyesho jioni ile, hakwenda. Alivua viatu, akaketi nami mkekani mpaka nikaweza kulia. Ndipo akaniambia, "Na sisi tukifiwa tunakaa chini."

Alipokufa yeye, hakuwa na wa kumkalia matanga. Nilikaa mimi. Mara ya kwanza kumzuru nilichukua asumini na marashi, nikammwagia kama tufanyavyo kwetu. Mlinzi wa makaburi, mzee mpole, akanieleza kwamba wao Mayahudi huweka kijiwe juu ya kaburi, ijulikane kuwa mtu amefika. Tangu hapo nimekuwa nikiweka kijiwe. Sasa miguu haitaki.

Ibtisam angekwenda, lakini anahamia Kanada na mumewe. Umebaki wewe, Hafidh. Jana uliniambia, "Mama, nikionekana kwenye makaburi ya Mayahudi, msikitini watasemaje?" Watasema, mwanangu, nami sitakuwapo kukutetea. Lakini mimi nimeswali na kufunga maisha yangu yote, na sijaona pahala Mola alipokataza mtu kumzuru jirani yake. Ukikataa, nisipomtuma mtu mwingine, yule mama hatafikiwa na mtu tena. Basi kama hutaki, niambie sasa, nisiondoke na tumaini la uongo.

Nipeni maji kidogo.

Usiinamishe kichwa. Sema karibu na sikio langu.

Ehe. Utakwenda, lakini utaona haya. Nenda hivyo hivyo na haya zako, yeye hatajali. Simama kidogo, weka, urudi kwenye gari.

Radhi zangu mnazo, nyote wawili, za mbele na za nyuma. Mola awape nyumba zisizokosa wageni. Sasa nigeuzeni ubavu wa kulia... Ibtisam, nisomee Yasini. Polepole, nikufuate. Hafidh... usiondoe mkono.