Treni ya Upande wa Pili

Mheshimiwa Naibu Waziri wa Uchukuzi, Chifu Verna Moose, wazee wetu, wafanyakazi wa reli mlio kazini na mliostaafu, ndugu abiria wenzangu wa Goose Narrows, habari za mchana.

Kamati ya abiria imenipa mimi, Elias Ouskan, heshima ya kumuaga Shangazi Doreen Beardy, ambaye leo anaacha kazi ya kupanga safari katika reli yetu hii ya kaskazini mwa Manitoba. Ameniomba niseme kwa ufupi. Nimemwambia angemwomba mtu mwingine.

Mnakumbuka mwaka ule tuta la reli pale Mto Mbweha lilipozolewa na maji? Ardhi ambayo babu zetu waliijua ikiwa imeganda mwaka mzima ilikuwa imelainika kama uji, theluji ikayeyuka kwa pupa, na reli ikabaki inaning'inia hewani. Treni yetu pekee ilikuwa kusini. Sisi tusio na barabara tulikaa kiangazi kizima tukitazama ndege ambazo wengi hatukuweza kulipia. Mzee Percy Neepin alizikwa huko kusini bila mtoto wake hata mmoja kufika.

Wakubwa walikuja na jibu moja: tuta lijengwe upya, imara zaidi. Shangazi akawauliza, "Na likikatika tena?" Akaendelea, "Hali ya hewa imebadilika, litakatika. Tusipopanga safari ya siku hiyo, hatujapanga kitu."

Alitaka nini? Tuta liinuliwe, ndiyo, lakini pia treni ya pili, ndogo, ikae huku kwetu daima. Na pale mtoni, jukwaa kila ng'ambo na boti tayari, ili njia ikikatika abiria wavuke, waendelee na safari.

Walicheka. Dereva wetu Alphonse Linklater, ninayemwona amejificha nyuma ya keki, alimwambia hadharani, "Shangazi, hiyo treni unataka tuifugie kuku?"

"Fuga tu, Alphonse," akajibu. "Ila usikose kuitia mafuta."

Aliwaandama wakubwa miaka mingi, mpaka wakaona heri wampe treni kuliko kuendelea kumsikiliza.

Mwaka juzi mto ukarudi, ukang'oa tuta palepale. Mke wangu Rosalie, ambaye damu yake husafishwa kwa mashine hospitalini kusini, alikuwa amekuja huku kumzika dada yake. Hakuwa na siku za kusubiri. Alphonse aliitoa ile treni ya kuku, akatupeleka taratibu mpaka ukingoni. Rosalie akaiangalia boti, akasema, "Sipandi hicho kitu."

Shangazi alikuwa pale, buti zimejaa tope. Akamshika mkono. "Rosalie, hata mimi naogopa maji. Twende tukaogope wote."

Wakavuka. Treni ya upande wa pili ilikuwa inangoja, injini inanguruma. Rosalie alifika hospitalini akiwa mzima, na leo amekaa mstari wa mbele. Amenionya nisilie. Najitahidi.

Mheshimiwa Naibu Waziri, tunasikia huko mjini wapo wanaouliza kwa nini tuwe na treni inayolala sehemu kubwa ya mwaka. Je, kuna mtu anayeziba mlango wa dharura kwa sababu jengo halijaungua? Kwa adabu zote, na mbele ya watu hawa wote, nasema: treni ile haiondoki. Na wapanga safari vijana aliowafundisha Shangazi tayari wanatafuta tuta litakalofuata kulegea.

Shangazi, wiki ijayo unakwenda kuwaona wajukuu. Utakuwa abiria tu, kama sisi. Kaa dirishani, kula samaki wako, lala ukitaka. Ukiona maji yamepanda hadi kwenye tuta, usiinuke kitini. Safari hii kuna mtu mwingine ambaye ameshalifikiria.

Nawashukuruni nyote kwa kunipa masikio yenu.