Mstari Juu ya Klachi ya Maatiusi

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza nilichokiona kwa mzee Ilaija Pauyungi ni kwamba alinawa mikono kabla ya kazi. Si baada. Kabla. Alinawa kwa sabuni, akajifuta kwa kitambaa safi, ndipo akagusa klachi ya pikipiki ya theluji. Nikajiuliza, fundi gani huyu anayeogopa uchafu? Anaficha nini?

Baadaye nilijua. Mafuta ya vidole yakigusa sahani za klachi, mkanda unateleza. Lakini siku ile sikujua, nikamtilia shaka. Naanzia hapo kwa sababu kijiji kizima kilimtilia shaka.

Mzee Ilaija ametutoka. Amefia hospitali ya kusini, kwa ugonjwa wa moyo. Ndege ilimrudisha, na jana tulimzika kilimani, chini ya mawe. Mnaonisikiliza redioni mmekaa na kadi za mchezo wa bingo, leo ziwekeni pembeni. Bingo haipo. Leo ni mzee Ilaija.

Mimi ni Arnaujaq. Mnanijua, sisemi sana. Mjane wake, Alasi, ndiye aliyeniomba niseme.

Ilaija alizaliwa hemani, kambi ya mto, wakati baba yake bado anasafiri kwa kuvutwa na mbwa juu ya theluji. Pikipiki ya theluji ya kwanza ilipofika kambini, wenzake waligombania kuipanda. Yeye aliilalia ubavuni akachungulia tumboni. Keshoye baba yake akaikuta klachi imetapakaa juu ya ngozi ya sili wa baharini, springi huku, kifuniko kule.

"Wewe mtoto," baba akafoka, "mbwa akichechemea, unampasua tumbo?"

"Mbwa hana bolti, baba."

Hadithi hiyo aliipenda. Aliirudia mpaka mkewe akawa anammalizia.

Na kweli alivirudisha vipande vyote. Mashine ikaenda. Tangu hapo kazi yake ikawa klachi.

Niseme kidogo, kwa watoto wanaosikiliza. Klachi ni sahani mbili zinazobana mkanda. Ndani yake mna vyuma vitatu vidogo, vimepinda kama kucha. Injini ikizunguka, vyuma vinarushwa nje, vinazisukuma sahani, sahani zinaubana mkanda, mashine inaondoka. Vyuma vikiwa vizito, injini inachoka mapema. Vikiwa vyepesi mno, injini inapiga kelele na mashine haina nguvu. Mashine zetu zinatengenezwa na watu wa mbali, kwa ajili ya watu wanaotembea kujifurahisha. Sisi tunavuta sleji, gari la kuburuta, yenye nyama, tunapanda mabonge ya barafu. Kwa hiyo Ilaija alizifungua, akavisugua vile vyuma kwa tupa, akabadili springi. Mashine ikavuta kama ilivyotakiwa.

Wengine huitoa klachi kwa nyundo. Yeye hakupiga. Alimimina mafuta ya sili kwenye tundu la katikati, akaingiza bolti, akakaza polepole. Mafuta hayana pa kwenda. Yanasukuma. Klachi inatoka yenyewe: paa! Kila ilipotoka alicheka, kama si yeye aliyeifanya.

Lakini alifanya kazi bandani kwake, mlango umefungwa. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

"Mbona anajifungia? Chuma kinaona haya?" Hayo niliyasikia dukani, kwenye foleni ya unga.

"Anaweka dawa."

"Kwenye mashine ya mpwa wake ni dawa. Kwenye yako ni sumu."

Mpwa wake ni Juupi. Mnamjua, hukimbiza mashine kila mashindano ya Pasaka.

Mimi niliruhusiwa kuingia. Mimi ni somo wa marehemu mama yake, na kwetu mwenye jina la mtu hubeba na cheo chake. Kwa hiyo mzee yule mwenye mvi aliniita Mama, nami bado sijaolewa. Alasi akipita na birika aliniita mama mkwe, akacheka hadi chai ikamwagika. Mimi niliinamisha kichwa tu. Niliona haya.

"Mama, funga mlango," aliniambia. "Theluji inaingia. Mkanda ukilowa, kazi bure."

Sababu ilikuwa hiyo. Theluji. Ila hata mimi, nikiwa ndani, nilimwangalia mikono. Nilitaka kuona dawa.

Sikuona dawa. Niliona msumari. Kabla ya kufungua klachi yoyote, alikwaruza mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye sahani.

"Wa nini?" nilimuuliza. Labda ndilo swali pekee nililowahi kumuuliza.

"Ili kirudi kilipokuwa, Mama. Mstari ukutane na mwenzake. Usipokutana, klachi inatetemeka, mkanda unaungua."

Pasaka hii iliyopita, Maatiusi alimletea Ilaija mashine yake. Maatiusi ni kijana hodari, mwindaji. Hakuna anayebisha. Mzee akaifungua, akaitengeneza, akamrudishia. Siku ya mashindano Maatiusi aliongoza hadi kule kwenye kisiwa. Halafu moshi. Mkanda ukakatika. Juupi akampita akapunga mkono.

Jioni Maatiusi alipiga simu hapa redioni. Wote mlisikia.

"Yule mzee ameniharibia klachi," alisema, "ili mpwa wake ashinde. Nani alimwona akifanya kazi? Mlango umefungwa! Jiulizeni."

Nasi tukajiuliza. Tulijiuliza sana, wasikilizaji. Watu walifungua vifuniko vya injini zao wakavitazama kama watu wanaonusa nyama iliyokaa. Waliokuwa wameacha mashine bandani kwake walikuja kuzichukua, mmoja mmoja, kwa visingizio. "Naenda kuvua, mzee." Ghuba nzima inavuma upepo, yeye anaenda kuvua! Na Alasi, ambaye mlango wa nyumba yake hatujawahi kuugonga kwa kuwa daima ulikuwa wazi, akabaki na birika lake. Samaki akichemshwa, hakuna aliyeingia na kisu chake kukata kipande. Masika nzima.

Ilaija hakujibu. Hakupiga simu, hakusimama kanisani. Akimkuta Maatiusi njiani, alimsalimu. Watu wakasema, "Unaona? Asiye na hatia angekasirika."

Kisha moyo ukamshika, ndege ikamchukua.

Jana baada ya mazishi tulikula ukumbini. Nyama na samaki vilitandazwa sakafuni juu ya makaratasi, kama desturi. Wengine hawakuja. Maatiusi alikuja. Juupi hakugusa chakula.

"Umekuja kula chake?" Juupi akamuuliza.

"Nimekuja kuzika. Kuzika si kusamehe."

"Basi lete mashine yako mlangoni. Ifunuliwe, watu waone alichokufanyia."

"Naileta! Unadhani naogopa? Naileta sasa hivi."

Akaileta kweli. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo lilinitia mimi wasiwasi. Akainua kifuniko cha injini, akang'oa kinga ya mkanda. Watu wakabanana mlangoni, vinywa vimejaa. Klachi ile pale. Wanaume wakainama, wakakohoa, wakasema ni klachi tu.

Mimi niliuona mstari. Niliuona vipande viwili. Cha kifuniko cha klachi kilikuwa huku, cha sahani kilikuwa kule.

Nilisema, "Haukutani."

Hakuna aliyesikia. Alasi akanishika mkono. "Sema tena, mama mkwe. Kwa sauti."

"Mstari haukutani," nikasema. "Yeye alikwaruza mstari kabla ya kufungua. Akifunga, unakutana. Huu haukutani. Kuna mtu ameifungua baada yake."

"Nani kakwambia?" Maatiusi akauliza. "Hiyo ni mikwaruzo tu."

Juupi akatoka nje. Akainua kifuniko cha mashine yake. Mstari umekutana. Mwingine akainua ya kwake. Umekutana. Ya mchungaji, ya mwenye duka, ya yule aliyekwenda kuvua kwenye upepo. Walipita mashine hadi mashine pale nje, na kila klachi iliyopita mikononi mwa Ilaija ilikuwa na mstari mmoja ulionyooka. Ya Maatiusi peke yake ilikuwa na miwili.

Bibi Qalliq, ambaye ana meno machache na maneno mengi, akasema, "Labda klachi iliamka ikaenda kukojoa, ikarudi ikalala vibaya."

Watu wakacheka. Maatiusi hakucheka. Alikuwa anautazama ule mstari. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuuona.

"Niliifungua mimi," akasema. "Asubuhi ya mashindano. Nilisugua vile vyuma kidogo tu, viwe vyepesi zaidi. Sikujua kuna mstari. Haki ya Mungu nilidhani ni yeye."

Ndipo Alasi akasema, naye aliniruhusu niyarudie hapa:

"Mume wangu alijua. Mashine ilipowashwa tu pale mashindano yalipoanza, aliisikia inavyotetemeka. Akaniambia, kijana ameifungua. Nikamwambia, sema! Akasema, nikisema watamcheka mpaka aache kuwinda. Mimi ni mzee, nitabeba. Nikamwambia, wewe utabeba, na mimi je?"

Maatiusi alikaa sakafuni karibu na Alasi. Alasi akamkatia samaki. Sijui kama amemsamehe. Sikumwona usoni.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Alasi, kwa Juupi, kwa ukoo wote wa Pauyungi, redio hii inawapa pole. Leo mkipita kwa Alasi msibishe hodi, ingieni. Nendeni na visu vyenu. Na sisi tuliobaki tufikiri. Mstari ulikuwa kwenye mashine zetu wenyewe, tunaukalia kila siku, na hakuna aliyeinama kuutazama. Leo asubuhi nimesikia mtu dukani akisema huenda mzee alikwaruza vibaya makusudi. Bado tunaendelea na shaka zetu.

Kabla sijazima, kuna neno moja. Kwetu mtu mzima hakaripiwi, na mzee hakaripiwi na yeyote, isipokuwa mama yake. Mimi mwenye jina la mama yake nilikuwa na haki hiyo masika nzima, nami niliinamisha kichwa. Sasa nasema.

Ilaija, mwanangu, ulikosea. Ulimwacha mkeo anywe chai peke yake. Ungesema, mwanangu. Ungesema.