Kasian Ndayikeza, Aliyeitikia Jina Lake

Marehemu Kasian Ndayikeza alizaliwa Kibondo tarehe 14 Machi 2000, mtoto wa pili na wa mwisho wa Bi Ernesta na marehemu Mzee Tharsisi. Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa Kibondo, akahitimu kidato cha sita mwaka 2020.

Mwaka huohuo alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa kujitolea. Miezi ya mwanzo alitaka kutoroka. Lakini asubuhi moja kwenye mchakamchaka alianzisha wimbo wa Kiha ambao mama yake huimba akipalilia maharage, na kombania nzima, vijana wa Mara, Mtwara na Tanga, wakaitikia bila kuelewa hata neno moja. Tangu hapo yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Katika hanga alilala kitanda cha juu, na cha chini alilala Mansuri wa Pangani. Walikula sahani moja, waliadhibiwa pamoja. Mmoja akiugua, mwenzake alimbebea maji.

Alimaliza mkataba mwaka 2022. Majina ya walioajiriwa jeshini yalipotoka, lake halikuwemo. Alirudi kulima na mama yake, na Oktoba 2024 akaingia chuo cha ualimu Kasulu.

Familia ilidhani sasa amepata raha. Alipanga chumba karibu na chuo, katika nyumba yenye wanafunzi wengi. Siku ya usafi alianzisha wimbo wake uleule. Wenzake wakamrekodi kwa simu, wakacheka, wakausambaza. Hakuimba tena. Alimwambia dada yake, Maximilla, "Dada, kule nilitukanwa toka alfajiri, lakini nilikuwa mtu. Hapa hakuna anayenitukana. Hakuna anayeniambia chochote."

"Utazoea," dada alimjibu.

"Mwaka umepita, dada."

Marehemu hakujaliwa kuoa. Alisema ataoa akishapata kituo cha kazi.

Novemba mwaka huu alishikwa na malaria. Wapangaji wenzake waliona mlango umefungwa, wakadhani amekwenda nyumbani. Hakuna aliyegonga. Aliyeshtuka ni Mansuri, naye yuko Singida. Alimpigia Maximilla. "Dada, Kasian hapokei simu yangu. Huyu hanyamazi hivi. Tafadhali, mtu akamwone."

Maximilla alipanda gari la kwanza kutoka Kibondo. Mwenye nyumba akavunja kitasa. Kasian alikuwa sakafuni, akipumua, hamtambui mtu. Hospitalini madaktari walijitahidi, ila malaria ilikuwa imekwisha kupanda kichwani. Dada yake alipomwita, alinyoosha mikono ubavuni, akasema kwa sauti, "Nipo, afande!" Ndilo neno lake la mwisho. Alifariki Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2025, akiwa na miaka ishirini na mitano.

Tumeambiwa tuseme la kufariji. Hatulioni. Dawa ilikuwepo, hospitali iko karibu, na watu walipita mlangoni pake wakienda kuoga.

Marehemu ameacha mama, dada mmoja, Maximilla, na wapwa wawili, Dorcas na Elisante. Ameacha pia Mansuri, aliyefika asubuhi hii akaomba awe miongoni mwa watakaobeba jeneza. Familia imemkubalia.

Kasian, Mungu akupokee, akupe pumziko la amani.