Absalom Asava na Mahafali ya Mwezi wa Sita

Jamaa, majirani na marafiki mliobanana nasi katika chumba hiki cha Ghulail leo Ijumaa, tarehe 15 Novemba 2024, pamoja nanyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka Riyadh na kutoka nyumbani Chavakali, familia imemtuma mdogo wa marehemu, Danson, awasomee safari ya ndugu yake, naye anaomba mumvumilie akikwama, kwa sababu kusoma mbele za watu ilikuwa kazi ya Absalom, si yake.

Absalom Asava Ludenyi alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Aprili 1972, Chavakali, kaunti ya Vihiga, mtoto wa tatu wa Mzee Ludenyi na Mama Selipher, wote marehemu. Alianza masomo ya msingi mwaka 1979 papo hapo Chavakali, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1986 na kuwapita wenzake wote katika sayansi, akaingia sekondari na kutangazia kila aliyekuwa na masikio kwamba atakuwa daktari, lakini baba yetu alifariki Machi 1988, na Absalom, akiwa kidato cha pili, akakunja sare yake, akaiweka sandukuni na kwenda Kisumu kujifunza udereva. Hakulalamika hata siku moja, ila ukimpitisha karibu na hospitali alikuwa anasimama kidogo kutazama.

Aliendesha malori kati ya Kisumu na Nakuru kuanzia mwaka 1992, na tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Emmaculate katika kanisa la Chavakali, wakajaliwa watoto wawili, Shirleen mwaka 2001 na Lewis mwaka 2005. Tarehe 7 Februari 2011 alitua Jeddah kuendesha gari la maji, akaishi hapa hapa Ghulail miaka mitatu, na wengi wenu mlimjua wakati huo kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwasomea karatasi zenu na kuwaambia ikama, kile kibali cha kuishi hapa, inaisha lini. Mwezi Mei 2014 alihamia Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, akawa dereva wa nyumba ya Abu Turki, mwalimu mstaafu, na humo akakaa hadi mwisho.

Binti wa nyumba hiyo, Rim, alijiunga na chuo kikuu mwaka 2017 kusomea udaktari, na kwa miaka saba Absalom alimpeleka asubuhi, akangoja kwenye kivuli cha ukuta pamoja na madereva wenzake na chupa yake ya chai, akamrudisha jioni. Wanawake waliporuhusiwa kuendesha magari, Rim alikataa kata kata kushika usukani, akasema akishika usukani atasomea wapi, kwa maana kiti cha nyuma kilikuwa ndiyo maktaba yake, na humo alikariri mifupa ya mwili wa binadamu kwa sauti mpaka dereva akaijua yote. Hapo ndipo Absalom alipoanza kumpigia simu Shirleen, akiwa kidato cha tatu, na kumfundisha mifupa ya kiganja ambayo hata mwalimu wake hakuwa ameifikia, na mtoto akamwuliza, "Baba, kwani siku hizi unaendesha ambulansi?"

Shirleen alipoitwa chuo cha sayansi za afya mwezi Septemba 2020 kusomea uuguzi, Absalom aliweka nadhiri moja tu. Mwaka 2019 hakuwepo tulipomzika mama yetu, Lewis alibatizwa akiwa hayupo, na harusi tatu za wadogo zake aliziona kwenye simu, basi alisema mengine yote yapite, lakini siku Shirleen atakapovaa joho atakuwa amekaa kwenye kiti, si kwenye simu. Mahafali yakapangwa Ijumaa ya tarehe sita Desemba mwaka huu, na Absalom, aliyeruhusiwa likizo moja kila miaka mitatu, aliandika 6/12 kwenye karatasi, akaibandika mlangoni pa friji ya Mama Turki na kumwambia, "Madam, siku hii binti yangu anamaliza, tafadhali niwe nyumbani."

Tarehe 15 Mei Rim alihitimu udaktari. Madereva hawakuingia ukumbini, walibaki kwenye maegesho, lakini sherehe ilipokwisha Rim alitoka na joho lake, akawapita wajomba na mashangazi waliokuwa na maua, akaenda moja kwa moja kwa Absalom, akamwita ammu, yaani baba mdogo, akamwambia mifupa ile wameisoma wote wawili, na madereva wote wakapiga makofi, Wakenya, Wabangladeshi na Wahindi. Abu Turki kwa furaha akamwagiza mkewe amtengenezee Absalom ruhusa ya kwenda kwao kwa tarehe ile ile iliyo kwenye friji.

Ruhusa ikatoka, tikiti ikatoka, na zote zilikuwa za tarehe 10 Juni. Nyumba ile huhesabu kila kitu kwa miezi ya Kiislamu, harusi, safari, hata chanjo za watoto, na Mama Turki alipoona 6/12 alihesabu sita Dhulhija, mwezi wao wa kumi na mbili, ambayo mwaka huu iliangukia tarehe 12 Juni. Absalom naye, aliyekuwa akituchambulia sisi sote tarehe za ikama zetu, alikuwa ameandika Desemba ya nyumbani bila kuandika Desemba, na hilo tulimcheka sana baadaye, ingawa siku ile hakuna aliyecheka. Alimwomba bosi abadilishe, bosi akasema halas, basi, ruhusa imeshatoka, na Desemba ni harusi ya mwanawe Turki, hakuna dereva atakayeondoka. Ndugu yetu hakula siku mbili. Alimpigia Danson akamwambia, "Miaka kumi na tatu nangoja siku moja, na siku yenyewe nimeikosa kwa karatasi ya friji," na Danson, kwa hasira zake, akamshauri aikatae hiyo likizo, ushauri ambao leo anamshukuru Mungu haukufuatwa.

Alifika Chavakali tarehe 11 Juni, Shirleen akiwa bado na mtihani wa mwisho wa mwezi Agosti. Wanafunzi wa uuguzi wana mwiko wao, hakuna anayevaa joho kabla ya matokeo, anayevaa huanguka, na Emmaculate alipokwenda kwa jirani yetu Roseline, muuguzi aliyehitimu mwaka uliotangulia, akaazima joho lake, Shirleen alilia, akasema mama anataka kumwangusha. Absalom alisema aachwe, asilazimishwe, yeye ameridhika kumwona tu. Familia inadhani ni hiyo sauti ya kuridhika ndiyo iliyomshinda mtoto, kwa sababu Jumamosi, tarehe 15 Juni, Shirleen alitoka nyumbani amevaa joho la Roseline lililomfika vifundoni, majirani wakapiga vigelegele, jogoo wawili wakachinjwa, na Absalom, ndani ya suti aliyooa nayo, akapewa kazi ya kusoma jina la mhitimu. Alisoma la kwanza, akasoma la pili, la tatu, ambalo ni jina lake mwenyewe, likamshinda, akakaa chini, akalia mbele ya watu bila kujificha. Kisha Shirleen akampima presha, awe mgonjwa wake wa kwanza, na presha ilikuwa nzuri.

Alirudi Riyadh tarehe 9 Julai, na mwezi Septemba akamleta Rim na mama yake hapa Jeddah, Rim alipopata nafasi ya kazi katika hospitali moja ya hapa. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 19 Septemba, Rim akiwa kiti cha nyuma aliona kwenye kioo kwamba macho ya dereva wake yamekuwa ya manjano, akamwamuru aingize gari pale pale penye wagonjwa wa dharura, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, iliyokwisha kuenea. Matokeo ya Shirleen yalitoka tarehe 21 Oktoba, amefaulu, na baba yake aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe, akacheka, akasema mwiko umeaibika. Alitutoka Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Rim akiwa ameshika mkono wake mmoja na Danson mwingine.

Shirleen, mwanetu, tunajua uko kwenye simu na tunajua unachojilaumu nacho, lakini madaktari wametuambia ugonjwa ule hauonekani kwa kipimo cha presha, kwa hiyo mzigo huo uutue leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa majuma sita, majirani wa Ghulail mliopika na kufua, madereva wenzake Onesmus na Cliff waliopokezana kukaa naye, na Abu Turki aliyeshughulikia karatasi zote ili mwili usafiri keshokutwa Jumapili na kuzikwa nyumbani Jumamosi, tarehe 23.

Na Mama Turki, ambaye tangu siku ya msiba amekuwa akilia na kuomba radhi kwamba alimnyima Absalom mahafali ya binti yake, Rim anakufasiria maneno haya, tafadhali yasikilize vizuri. Ungehesabu kama sisi, ndugu yetu angekuwa angali anaingoja Desemba, na Desemba isingemkuta. Ni kwa sababu ulikosea ndipo alipomwona mtoto wake katika joho. Hatuna radhi ya kukupa, madam, tuna asante tu.

Lala, Baba Shirleen, lala umetulia, ulikuwepo.