Bukari Niliyokula Mbele ya Watu

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu, na mniwie radhi, maana ushuhuda wangu nitautoa huku natembea. Kiti mmeniwekea, asante, lakini mniache tu. Siku hizi nikikaa kidogo miguu inaanza kudai njia. Bibi yangu, huyu mke wangu, anasema ni mwili unatafuta mzigo uliopotea. Mnacheka. Haya, chekeni, afadhali hivyo kuliko mwaka jana mlipokuwa mnanong'ona.

Wengi mnanijua. Mimi ni kinyozi hapa Durban, pale Warwick, nyuma ya stendi ya teksi. Hamkuniita jina langu, mliniita Boss. Kwetu Kivu mwanaume akiwa na tumbo watu husema huyu nyumbani kwake wanapika, na mimi tumbo langu nilitembea nalo kama cheo. Lakini nawaambia, cheo kile kilikuwa kinaniua. Sukari imepanda, pumzi hakuna. Kutoka teksi mpaka kwenye kibanda changu nilikuwa nasimama njiani na kujifanya naongea na simu. Na usingizi ulinichukua wakati wowote, hata nikiwa nimesimama. Siku moja nilikuwa namnyoa mtu ndevu, wembe uko shingoni mwake, nikasinzia. Nilishtuka amenishika mkono. Akaniambia kwa upole, "Boss, kalale." Akaondoka na povu upande mmoja wa uso, na hakurudi tena.

Nikaenda hospitali. Daktari akanieleza bila kuzunguka: moyo wako umechoka, dawa peke yake hazitoshi, lakini tunaweza kukufanyia operesheni, tukate sehemu kubwa ya tumbo la chakula, libaki dogo. Utakula kidogo na utapungua. Wakaniandika nisubiri zamu. Nilisubiri mpaka nikaanza kusahau.

Ndipo bibi yangu akapata mimba. Ninyi mlifunga na kuomba pamoja nasi kwa ajili ya mtoto huyo, sina haja ya kueleza tulivyomtafuta. Nilifurahi siku moja. Siku ya pili sabuni ilianguka bafuni, nikachuchumaa kuiokota, nikashindwa kuinuka. Bibi yangu na mimba yake akaja kunivuta. Nikawaza, mtoto akianguka nani atamwokota? Na huyo mtoto mwenyewe atanikuta? Swali hilo lilinishika, nikawa nalo kazini, nikawa nalo hapa kanisani mnapoimba.

Mimba ilipofika miezi minne, hospitali wakapiga simu: zamu yako imefika. Eish. Mimi nikakataa. Nikamwambia bibi yangu, nikifia pale mezani utabaki na mtoto peke yako katika Durban hii. Akaniangalia, akasema, "Papa, hata ukibaki hivi nitabaki naye peke yangu. Enda."

Nikaenda. Na hatukumwambia mtu. Nyumbani tuna ndugu walikimbia vita, wako kambini, wanalala na maji ya moto tumboni. Ningewaambiaje kwamba mimi huku nimekatwa tumbo kwa sababu ya kula? Tukasema nimekwenda Johannesburg kutafuta mashine za kunyolea.

Nilipotoka hospitali nilikuwa nakunywa supu kijiko kwa kijiko. Mwili ukaanza kuondoka. Suruali zinashuka, ngozi ya shingo inalegea, baridi inaniingia hata jua likiwaka. Lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba sikuweza kutulia. Nilitoka nyumbani Sydenham kwa miguu mpaka Warwick, mimi niliyekuwa nahesabiwa nafasi mbili kwenye teksi. Kitanda cha mtoto nilikiunga, nikakibomoa, nikakiunga tena. Bibi yangu akaniambia, "Mimi naongezeka, wewe unapungua, sijui tutakutana wapi." Alicheka, lakini niliona ana woga.

Na ninyi mkaanza. Msikasirike, leo nasema yote. Wengine walisema ana ule ugonjwa. Wengine walisema sumu. Sisi watu wa kwetu tunajuana: mtu akikonda haraka, swali la kwanza ni nani anampikia.

Sasa, kuna mama mmoja kati yetu. Jina silitaji. Tulipofika Durban, mimi na bibi yangu, tulilala sebuleni kwake mpaka tukapata chumba. Mimba ilipoanza, kila Jumamosi alituletea bukari, ugali wetu ule, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki akipata. Baada ya operesheni nilikuwa naonja vijiko viwili, nasukuma sahani. Bukari sikuigusa kabisa, daktari alinikataza vyakula vizito vinavyonata. Mama anaona tu sahani inarudi imejaa. Kwetu kusukuma sahani ya mtu ni kubaya kuliko tusi, ni kumwambia nakushuku. Nilijua hivyo, nikanyamaza, nikidhani ataelewa. Angeelewa nini, na hakuna aliyemweleza?

Maneno yakamfikia, akaacha kuja. Mama huyu anauza mandazi sokoni, ndiyo maisha yake. Watu wa kwetu wakaanza kumpita. Asubuhi anatoka na beseni limejaa, jioni anarudi nalo limejaa.

Mwezi wa nane wa mimba mlikuja nyumbani kwetu kumwombea bibi yangu. Mlikuwepo, mkumbuke wenyewe. Mama akaingia na sufuria ya bukari na sombe kichwani. Hakusalimu mtu. Akaiweka katikati ya mkeka, akanawa, akakata tonge, akachovya kwenye sombe, akala. Kwetu mpishi huonja kidogo ili mgeni atulie moyo. Yeye hakuonja, alikula hasa, tonge kwa tonge, macho yakiwa kwangu. Akasema, "Mwanangu, sasa ni wewe. Kama unaniogopa, sema mbele ya hawa."

Ningesema pale pale, yangeisha. Lakini mdomo uligoma. Nikaona rahisi ni kula. Nikakata tonge, si la mgonjwa, tonge la Boss, nikameza. Chumba kizima kikapumua. Nikakata lingine. Lile la tatu halikushuka. Likakaa hapa, kifuani, na nyuma yake hakuna hewa wala njia. Jasho likanitoka. Nikashika ukuta, nikapiga magoti, mate yanajaa mdomoni yanakuwa povu.

Na ninyi mliona nini? Mtu amekula chakula cha mama huyu, ameanguka anatoka povu. Mmoja wenu akaipiga teke sufuria. Mwingine, mwanaume mzima, akamshika mama kifundo cha mkono: "Ulimuwekea nini? Sema, ulimuwekea nini?" Mama alikuwa anauangalia mkono wake mwenyewe, ndugu zangu, kana kwamba hata yeye ameanza kuushuku.

Hapo ndipo nilipobadilika. Si hospitali, ni pale mkekani. Bibi yangu alikuwa amelala chumbani miguu imevimba, hakuna mwingine aliyejua ukweli. Sauti yangu imezibwa. Nikafikiri, nikifa sasa hivi, mtoto wangu atazaliwa na kuambiwa baba yako aliuawa na mama huyu. Litakuwa ndilo jambo la kwanza atakalojua kuhusu mimi, na litakuwa uongo.

Nikavua shati. Mbele yenu wote, wanawake na watoto wakiwepo. Mkaiona ngozi inavyoning'inia, mkayaona makovu. Nikauvuta mkono wa mama kutoka kwa yule bwana, nikauweka juu ya kovu. Ndipo tonge likarudi, samahani, pale pale kwenye mkeka. Nilipopata pumzi nikasema, "Nilipasuliwa hospitali. Walinikata tumbo, limebaki dogo. Sumu hakuna. Ni mimi sikusema."

Mama akalipapasa kovu kwa vidole. Halafu akanipiga kofi la begani. "Wewe mupumbavu," akasema, "si ungeniambia nikupikie uji?" Akalia. Nikalia na mimi, bila shati, kinyozi mzima.

Keshokutwa yake alirudi na kikombe kidogo cha uji na samaki aliyempondaponda. Akakaa akisubiri nimalize, ikachukua muda mrefu, wala hakuniharakisha. Bibi yangu alipojifungua niliweza kusimama pembeni yake tangu uchungu ulipoanza mpaka mwisho. Tumepata msichana. Nilizunguka naye kwenye korido mpaka nesi akaniambia, baba, kaa chini. Sijawahi kuogopa kama siku ile, na sijawahi kufurahi hivyo.

Sijapona woga wote, nisiwadanganye. Vidonge vya vitamini ni vya maisha, na siku nyingine chakula kinanikataa. Lakini nipo. Nawashukuru madaktari na manesi. Namshukuru bibi yangu aliyeniambia enda. Namshukuru mama yule. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi naongeza dogo: anayekupikia, mwambie kilicho tumboni mwako, kwa maana ukinyamaza atalaumiwa yeye.

Sasa neno la mwisho. Siku ile mlimwomba mama msamaha, nilisikia, na baadhi yenu mlilia. Lakini mandazi yake bado yanarudi nyumbani. Nimepita sokoni, nimeona mnavyovuka barabara. Binti yangu ameanza kula wiki hii, na kijiko chake cha kwanza cha uji hapa duniani amelishwa na mama huyu, mimi nikiwa nimesimama naangalia. Hilo ndilo jibu langu kwa mama, kwamba simwogopi. Leo amepika, sufuria iko kule nyuma, yeye amekaa pembeni yake na hakuna aliyekaa karibu. Mimi nimemaliza. Nanyamaza sasa, nione nani anakwenda kunawa mikono.