Kengele Iliyokuwa Ikijizima Yenyewe

HARMEN: Haloo? Naongea na nani?

MARLOES: Ni mimi, Marloes. Mbona unanong'ona?

HARMEN: Na wewe mbona unanong'ona?

MARLOES: Niko kwenye treni, behewa la kimya. Ijumaa jioni, kwingine kote watu wamesimama. Kuna mama hapa mbele ameshanikata jicho mara mbili. Haya, na wewe?

HARMEN: Niko kwa mama mkwe. Anatimiza themanini leo.

MARLOES: Basi hongera ya mama mkwe.

HARMEN: Asante. Nimeshapewa mkono na ukoo mzima, hongera, hongera, utadhani nimemzaa mimi.

MARLOES: (anacheka kidogo) Umepata keki?

HARMEN: Kipande kimoja, kama kawaida. Halafu sanduku likafungwa.

MARLOES: Lakini sisikii watu. Uko wapi hasa?

HARMEN: Bandani. Katikati ya baiskeli.

MARLOES: Novemba hii? Unafanya nini bandani na baridi yote hii?

HARMEN: Si unajua ule mduara wa viti wa sherehe, wote mnatazamana. Walikuwa wamefika kwenye lile swali. "Vipi, kazi nyingi?" "Nyingi, nyingi mno." Linapita kiti kwa kiti. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka hapo.

MARLOES: Kwani hawajui bado kwamba kazi iliisha?

HARMEN: Hilje anajua, mke humfichi hilo. Mama yake hajui. Wala kaka zake.

MARLOES: Harmen. Tangu Machi?

HARMEN: Mwanzoni nilidhani ni mapumziko ya wiki chache. Unamwambiaje mtu una mapumziko ya wiki chache? Halafu wiki zikawa—

MARLOES: Haloo?

HARMEN: Nipo.

MARLOES: Ulikatika. Tumeingia kwenye ile misitu baada ya Wolvega, mtandao hapa ni wa kubahatisha. Sikiliza, nikikupotea nitapiga tena. Nina habari, na nilitaka uisikie kwangu kwanza.

HARMEN: Habari gani?

MARLOES: Wiebren ameniita ofisini kwake leo mchana. Kafunga mlango. Yeye, ambaye hafungi mlango hata akipiga chafya.

HARMEN: Na?

MARLOES: Mkataba wangu hauongezwi. Mwisho wa mwezi naleta keki, wananipa ua na kadi, nakwenda. Harmen? Tumekatika tena?

HARMEN: Hapana. Nakusikia. Kwa nini hauongezwi? Kwa nini, Marloes?

MARLOES: Utacheka. Kwa sababu yako.

HARMEN: Yangu?

MARLOES: Umejenga mfumo mzuri kupita kiasi. Ndivyo alivyosema. Tangu Harmen aondoke, malori hayajakosa shamba hata moja, maziwa hayajalala kwenye tangi la mkulima hata siku moja. Sasa mimi wa nini? Anasema ameajiri mlinzi wa nyumba ambayo mwizi haijui.

HARMEN: Ukamjibu nini?

MARLOES: Ningemjibu nini, wakati ndivyo ilivyo? Kengele ya mfumo inalia asubuhi, natema dawa ya mswaki, nakimbilia kompyuta, kabla sijamaliza kuandika nywila imeshazimika. Yenyewe. Kila mara. Nilimwambia hata mwezi uliopita, bosi, huu mfumo unajitibu. Nilisema kwa kukusifu wewe. Mdomo wangu huu.

HARMEN: Usingesema hivyo.

MARLOES: Najua nisingesema hivyo, asante sana.

HARMEN: Sikulaumu. Sivyo nilivyomaanisha. Mimi... (mtandao unakwaruza) ...kabisa.

MARLOES: Nini? Sikupata.

HARMEN: Nimesema pole.

MARLOES: Ee, pole. Unajua kinachoniuma? Wale watu wa mizigo kule bandarini waliniita Septemba. Nikawakataa. Nikasema nina pangu, nimetulia, ni mahali alipoacha Harmen mwenyewe, siwezi kumwaibisha.

HARMEN: Usiseme hivyo tena, tafadhali.

MARLOES: Nisiseme nini?

HARMEN: Hayo ya kuniaibisha.

MARLOES: Wewe ndiye uliyenipendekeza. Unakumbuka nilivyokuwa? Mwaka mzima bila mkataba. Nilikuwa napiga pasi mataulo, Harmen. Silke anatoka shule ananikuta na nguo ileile ya kulalia, ananiuliza, mama unaumwa? Sasa leo nitamwambia tena, kaa chini mwanangu. Kwa hiyo nimekupigia nikuulize. Nifundishe. Wewe unawezaje?

HARMEN: Nawezaje nini?

MARLOES: Kukaa. Miezi yote hii. Hilje aliniambia kila siku unaamka saa kumi na moja alfajiri, unanyoa ndevu, unashuka chini na kompyuta, unarudi kwenye chai umechangamka. Nikasema, aisee, yule mwanaume ana nidhamu. Mimi nilikuwa siamki.

HARMEN: Si nidhamu.

MARLOES: Basi ni nini? Unajisomea? Unaandika maombi ya kazi?

HARMEN: Maombi niliacha tangu kiangazi. Wale mawakala hawajibu hata kukukataa. Wanasoma miaka hamsini na minne, basi. Unaanza kujiuliza kama barua zinafika. Kama wewe mwenyewe upo.

MARLOES: Naijua hiyo.

HARMEN: Hilje anaenda kazini, mbwa ameshatembezwa, umeshapanga vyombo, na bado ni asubuhi. Unatafuta kitu, chochote, ambacho usipokifanya wewe mtu fulani mahali fulani ataona tofauti. Hata kidogo tu. Halafu ukikipata, hukiachi. Hata ukijua si—

MARLOES: Ngoja, ngoja. Kengele imelia.

HARMEN: Nimesikia.

MARLOES: Umesikia? Nakusikia kwa spika za masikioni, simu yenyewe iko mfukoni.

HARMEN: Nimesikia kitu. Hapa. Ni kengele ya baiskeli, nimeigonga kwa kiwiko.

MARLOES: Haya. Lori la tisa limekwama kwenye mfumo, halipokei shamba jipya. Na msafara wa jioni unaondoka saa kumi na mbili. Aa, si kitu, itajizima. Enhe, ulikuwa unasema umepata kitu cha kufanya. Kitu gani?

HARMEN: Hakuna. Maneno tu.

MARLOES: Si ulisema ukikipata hukiachi?

HARMEN: Marloes, si ushuke kwanza, penye mtandao, uangalie hilo lori?

MARLOES: Nishuke wapi, hapa ni ng'ombe watupu. Nimeshakwambia litajirekebisha. Dakika mbili tatu. (anatazama simu) Leo linachelewa.

HARMEN: (mbali na simu) Nakuja, Hilje. Ndiyo, nakuja. Mwambie mama ni simu ya kazi.

MARLOES: Simu ya kazi?

HARMEN: Nimesema tu.

MARLOES: Bado halijajirekebisha. Jamani. Halijawahi kukaa hivi. Nini hicho kinachogongagonga huko?

HARMEN: Mvua. Juu ya paa.

MARLOES: Mvua haigongi hivyo. Mvua haiachi na kuanza. Harmen, unaandika. Una kompyuta hapo.

HARMEN: Marloes, ngoja—

MARLOES: Umeenda na kompyuta kwenye sherehe ya mama mkwe. Umejifungia nayo bandani. Na kengele imelia kwako sekunde ileile iliyolia kwangu. Kila siku inazimika kabla sijaifikia, leo haizimiki kwa sababu... kwa sababu uko na mimi kwenye simu. Ondoa mikono.

HARMEN: Nilitaka tu kulifungua hilo lori, halafu nikueleze yote.

MARLOES: Ondoa mikono kwenye hiyo kompyuta.

HARMEN: Nimeondoa.

(mtandao unakwaruza)

MARLOES: Tangu lini?

HARMEN: Siku niliyoondoka walichukua kadi ya mlangoni, wakanipa ua, tukala keki. Ufunguo wangu wa mfumo, ile nywila, hakuna aliyeukumbuka. Na jina langu liliachwa kwenye orodha ya wanaopigiwa kengele. Wiki ya kwanza ililia alfajiri, nikarekebisha kwa mazoea, nikiwa bado na usingizi. Nilitaka kukupigia nikuambie.

MARLOES: Hukupiga.

HARMEN: Sikupiga. Ililia tena kesho yake. Marloes, nilikuwa mtu. Dakika chache kila asubuhi nilikuwa mtu anayehitajika. Nilisema nakusaidia, nakuacha ulale. Nilijidanganya hivyo na nikaamini.

MARLOES: Unanisaidia. (kwa sauti) Unanisaidia?

HARMEN: Sikujua kwamba wao—

MARLOES: (kwa mtu mwingine) Ndiyo, mama, nimeona alama. Najua ni la kimya. Samahani. (ananong'ona) Umenilia kazi yangu kijiko kwa kijiko, kila asubuhi, halafu unakuja kwenye chai umechangamka. Na mimi nilikuwa nakusifu. Kwa Wiebren, kwa mkeo, kwa kila mtu.

HARMEN: Nina aibu. Ulishaniambia habari ya Wiebren. Na bado lori lilipolia, vidole vilikwenda vyenyewe.

MARLOES: Unajua nini kibaya zaidi? Hapa nilipo, lori limekwama, na sijui kulikwamua. Miezi minane mlinzi wa mfumo, sijui. Hukuniachia hata moja nijifunze.

HARMEN: Nifungue mimi. Sekunde tu. Wakulima wasi—

MARLOES: Usiguse. Ukigusa, Jumatatu Wiebren ataamka tena na mfumo ambao haujakohoa. Funga hiyo kompyuta. Nataka niisikie ikifungwa. Harmen.

HARMEN: Nafunga. (kishindo kidogo) Umesikia?

MARLOES: Nimesikia. Tunaingia Steenwijk, nashuka. Nimemwandikia Wiebren sasa hivi: lori la tisa limekwama, nalishughulikia, msafara usiondoke mpaka niseme. Usikate simu. Nitakaa kwenye benchi na wewe utajibu nitakachokuuliza, na hutasema neno moja zaidi.

HARMEN: Sawa.

(milango, upepo, tangazo la treni)

MARLOES: Nimekaa. Benchi limelowa, lakini nimekaa. Nimeingia kwenye mfumo. Naanzia wapi, kwenye lori?

HARMEN: La. Funga kwanza orodha ya mashamba ya jioni. Ukianza na lori, madereva wote wanapewa shamba moja. Mwaka ule wa kwanza malori yote yaliingia kwa mjane mmoja mwenye ng'ombe ishirini, akadhani ni vita.

MARLOES: Nimesema neno moja zaidi hutasema.

HARMEN: Samahani.

MARLOES: Orodha imefungwa. Sasa lori?

HARMEN: Sasa lori. Liondoe, hesabu mpaka kumi, lirudishe. Halafu fungua orodha.

MARLOES: Natoa. Na Jumatatu utampigia Wiebren, umwambie mwenyewe. Mimi leo nitamwambia wafute jina lako na ufunguo wako. Sababu utaisema wewe, kwa mdomo wako.

HARMEN: Anaweza kunishtaki.

MARLOES: Anaweza.

HARMEN: Nitampigia. Kwa hiyo kengele haitalia tena kwangu.

MARLOES: Haitalia.

HARMEN: Sijui nitaamkia nini.

MARLOES: Hata mimi sikujua, mwaka ule. Usinifanye nikuonee huruma sasa hivi, Harmen, nina hasira na ninahesabu. Saba. Nane.

HARMEN: (mbali na simu) Mama, utapata baridi, kwa nini umetoka? ... Hapana, sihitaji keki, asante. ... Eti nini?

MARLOES: Narudisha lori.

HARMEN: (mbali na simu) Hapana, mama. Kazi hazijanizidi. Sina kazi. ... Nimesema sina kazi. Tangu Machi. Nilikuwa nakudanganya kila Jumapili, na leo nimekuja kujificha kwenye baiskeli zako. ... Huyu? Huyu ni Marloes. Huyu ndiye aliye kazini.

MARLOES: Nimesikia.

HARMEN: Nilikuwa namjibu mama mkwe.

MARLOES: Nimesikia, nimekwambia. Nafungua orodha.

(upepo)

HARMEN: Imezimika. Hata kwangu hapa, kwenye simu, imezimika.

MARLOES: Haikujizima. Nimeizima mimi.

HARMEN: Najua. Marloes, mimi—

MARLOES: Wiebren anapiga. Nakata.

HARMEN: Haya. Nenda. Pokea.